Mume wangu yuko karasha, kikohozi hakiishi, na dhahabu anachomea jikoni kwangu. Naombeni ushauri

MamaKulwa
Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni. Nipo Geita, kijiji sikitaji. Mume wangu ana mwaka wa saba kwenye makarasha. Yeye ndiye anayelisha mashine, yaani mawe yakishapondwa kwa nyundo anamimina, yanasagwa makavu mpaka yanakuwa unga kama sembe. Jioni akirudi, nyusi na ndevu ni nyeupe kama za babu, na ana miaka 36 tu. Nguo zake nazikung'uta nje kabla ya kufua, na bado maji ya kwanza kwenye beseni yanakuwa kama uji.

Mwaka juzi aliambiwa ana TB, akameza dawa miezi 6 yote, hakuruka hata siku moja, mimi ndiye niliyekuwa namsimamia. Akapata nafuu kidogo. Sasa kikohozi kimerudi tangu mfungo wa Ramadhani. Akipanda kile kilima cha kwenda kisimani anasimama mara mbili. Zahanati walipima makohozi wakasema hawaoni kitu, wakampa vidonge vya kikohozi. Mama mkwe anasema amerogwa na mwenzake waliyegombana kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Bosi wake anasema anywe maziwa. Anakunywa nusu lita kila siku, hela yenyewe ndiyo hiyo hiyo ya mboga.

La pili, na hili ndilo linaninyima usingizi. Siku akipata mchanga wake mwenyewe anaosha, anakamulia zebaki kwenye kitambaa, kile kidonge kinachobaki cha dhahabu iliyoshikana na zebaki anakuja kukichomea hapa nyumbani kwenye kikaango, kwa sababu akichomea mwaloni, pale wanapooshea mchanga, wanaibiana. Jiko letu ni lile lile la kupikia. Nina mimba ya miezi 4. Juzi nimemkuta Doto ameshika kichupa cha zebaki, anaimwagia sakafuni na kuikimbiza kwa kidole kama gololi. Nikimwambia mume wangu anasema "baba yangu alichoma hivi hivi akafa na miaka sabini". Nifanyeje jamani?

Kijana_wa_Chunya
Pole dada. Maziwa ni muhimu, asiache. Yanateremsha vumbi. Sisi huku tunakunywa na afya ipo.

Mlevi_wa_Kahawa
Mzee wa kuchoma dhahabu jikoni, siku moja mtakula ugali wa karati 18 😂

Tabibu_Kanda
Huyo hapo juu, kuna mjamzito anauliza, tuchekeni uzi mwingine.

MamaKulwa, haya ni mambo mawili tofauti, nami nitaanza na la jikoni kwa sababu hilo linaweza kukoma leo usiku.

Kile kidonge, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Akikichoma haiungui ikaisha. Inageuka mvuke usioonekana na usio na harufu, nyinyi mnauvuta, na unaobaki unapoa na kushika kwenye ukuta, paa, pazia na sufuria. Kwa mjamzito unapita mpaka kwa mtoto tumboni, na kinachoumia zaidi ni ubongo wake unaojengwa. Kwa hiyo: asichomee tena ndani wala uani. Kikaango hicho kisipikie tena kitu chochote, hata ukikisugua kwa mchanga. Pale Doto alipomwaga usifagie, maana fagio inaipasua vipande vidogo na kuisambaza. Fungua milango, watoto watoke, kusanya matone kwa karatasi mbili ngumu, utie kwenye chupa yenye maji na ufunge. Wewe mwenyewe usifanye hiyo kazi, afanye yeye aliyeileta. Na kliniki uwaambie wazi kwamba nyumbani zebaki imekuwa ikichomwa. Wasipouliza, sema.

Sasa naomba unijibu: mikono ya shemeji inatetemeka? Usingizi wake ukoje? Mpe peni aandike jina lake, uangalie herufi.

MamaKulwa
Tabibu umenishtua. Usingizi hana, saa nane ya usiku yuko macho. Na amekuwa mkali, zamani hakuwa hivyo, hata watoto wanamkwepa. Nimemwomba aandike kwenye daftari langu la wadeni wa vitumbua. Nimelinganisha na alivyoandika mwaka jana. Herufi za sasa zinacheza kama za Kulwa alipoanza darasa la kwanza. Chai nayo akiinua kikombe inamwagika kwenye sahani. Mimi nilidhani ni uchovu.

Tabibu_Kanda
Asante kwa kuangalia vizuri. Kutetemeka, kukosa usingizi na hasira za ghafla huonekana sana kwa wanaovuta mvuke wa zebaki. Simtibu mtu mtandaoni, ila apimwe zebaki kwenye mkojo na figo ziangaliwe. Zahanati hawana kipimo hicho, waombe rufaa ya hospitali ya mkoa au Bugando kule Mwanza. Akiacha kuuvuta, mwili huitoa polepole.

Nyoka_Mstaafu
Mimi nimekaa chini ya ardhi miaka 14, Mererani kwanza, baadaye Kanda ya Ziwa. Niongelee kifua.

Dada, nilichopitia mimi ni hicho hicho. Nilimeza dawa za TB mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyeona mdudu kwenye makohozi, waliangalia picha ya kifua wakasema mapafu yana madoa, anza dawa. Mpaka nilipofika hospitali ya Kibong'oto kule Siha, wale wamezoea watu wa Mererani, daktari akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Unafanya kazi gani, na mnachoronga, yaani mnatoboa mwamba, kwa maji au kavu?" Nikasema kavu. Akaniambia ni silikosisi. Vumbi la jiwe limeingia kwenye mapafu likatengeneza makovu, na makovu hayo kwenye picha yanaweza kufanana na TB.

Ubaya wake, moja haifukuzi nyingine. Mwenye vumbi kifuani anashikwa na TB kirahisi kuliko mtu mwingine. Kwa hiyo shemeji asipuuze, apimwe makohozi kwa ile mashine ya GeneXpert, siyo darubini peke yake, apige eksirei, na neno la kwanza kwa daktari liwe "nalisha karasha miaka saba". Dawa za TB serikalini ni bure, asije akauziwa.

Hilo la maziwa nimelinywa miaka yote 14. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, na hizo ni njia mbili tofauti. Wanunulie watoto wanywe.

Kijana_wa_Chunya
Kwa hiyo mkuu silikosisi dawa yake nini?

Nyoka_Mstaafu
Hakuna ya kulifuta kovu. Mimi nafuga kuku sasa. Ngazi za msikitini napanda kwa awamu mbili.

Binti_Sheria
MamaKulwa, ana mkataba?

MamaKulwa
Hana dada. Analipwa kwa viroba alivyosaga, wanaandika kwenye daftari la kaunta. Barakoa walipewa zile za hospitali wakati wa korona, hazijarudi tena. Sasa anafunga kanga yangu puani.

Binti_Sheria
Kanga haizuii chochote, vumbi linaloua ni lile ambalo macho hayalioni. Hata barakoa ya maana ni ya mwisho, kinga ya kwanza ni maji: jiwe lilowekwe, lisagwe bichi. Mwenye karasha ana wajibu huo kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wanaokagua ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Mnaweza kupeleka malalamiko.

Upande wa fidia kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo, na mfanyakazi hakatwi hata senti, anayechangia ni mwajiri. Kukosa karatasi kunaleta ugumu, lakini hakumfanyi asiwe mfanyakazi. Apige picha kurasa za lile daftari zenye jina lake kabla halijapotea, maana yatapotea, nimeyaona. Awe na wenzake wawili watakaosema. Daktari akishaandika kwamba ugonjwa umetokana na kazi, taarifa itolewe mapema, sheria imeweka miezi 12.

Mama_wa_Katoro
Mwanangu, wenzako wamemaliza ya hospitali, mimi niseme ya ndani. Mwanamume wa mgodini ukimwambia "utakufa" anakucheka. Mwambie zebaki inayopaa ni hela yake inayopaa. Marehemu mume wangu alichongewa ritoti na fundi wa kuchomelea. Kikombe cha chuma chenye mfuniko, bomba linatoka linapita kwenye ndoo ya maji, zebaki inarudi kwenye kikopo, unaitumia tena. Alikubali kwa sababu ya hela, afya hakuitaja hata siku moja. Ila wasiifungue ikiwa ya moto, na ifanyike huko huko kazini, mbali na watu.

Kuhusu mkweo usibishane naye. Mwambie "sawa mama, tutaenda kwa mganga tukitoka eksirei".

MamaKulwa
Nimerudi wakuu. Ya hela imefanya kazi 😀 amekaa kimya muda mrefu halafu akauliza fundi huyo anapatikana wapi. Jumatatu tunapanda gari kwenda mkoani, nimeandika kwenye karatasi maneno ya kumwambia daktari kwa sababu najua atasema "nakohoa tu". Daftari la kaunta amepiga picha kurasa 11.

Kikaango nimekitoa. Nimwambie akizike nyuma ya choo?

Tabibu_Kanda
Hapana, zebaki inaweza kufika kwenye maji ya kisima chenu. Kifungwe kwenye mfuko wa nailoni, na ile chupa ya matone, watoto wasifikie. Ulizeni ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya ziwa, wapo Mwanza, watawaelekeza pa kuvipeleka. Na kanga ile anayofunga puani usiivae tena kabla hujailoweka.