Ameikata kamba yetu mchana kweupe, kisha akatuambia tuchukue mita zetu!

Mkwezi wa Rasi ameandika:

Wakuu, nawasalimu nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nihamie jiji hili la Dar es Salaam. Mikono yangu bado ina chumvi na vumbi la matumbawe, lakini naandika sasa hivi kwa sababu nikisubiri hadi kesho huenda nikapoa, nami sitaki kupoa.

Sitamtaja jina. Kila aliyewahi kushuka ufukweni kwa kile kichochoro kilichopo baada ya Coco Beach, ukielekea mwisho wa rasi ya Msasani, anamfahamu. Ni yule bwana wa geti jeusi, mwenye ukuta unaosogea baharini kila mwaka, na tukiendelea kukaa kimya ukuta huo utafika Zanzibar kabla ya boti ya jioni.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni kikundi cha kujitolea cha watu wanaokwea ile miamba ya matumbawe ya kale iliyosimama kando ya maji. Kwa kuwa tunaikwea, tumejitwika pia kazi ya kuhakikisha kwamba njia ya kuifikia inabaki wazi kwa kila mtu, awe mkwezi, mama anayetafuta pweza, mwanafunzi anayetafuta kivuli au bibi harusi anayetaka picha. Tunaokota chupa za plastiki, tunafyeka miiba na tunazibua mtaro ili mvua za masika zisiizoe njia. Katika mwamba wenyewe hatutoboi hata tundu moja, maana chumvi ya bahari haina rafiki. Huko Thailand, kwenye miamba ya pwani ya Railay, bolti za chuma cha pua zilizopigiliwa kwenye matundu ya mwamba ili kushikilia kamba, ambazo watu waliamini kwamba haziwezi kuharibika, zilipasuka, na wakwezi wakalazimika kuweka za titani. Sisi hufunga kamba juu na kutandika kipande cha zulia kuukuu ukingoni ili matumbawe yasiikwaruze, kisha tukimaliza tunaondoka na kila kitu chetu.

Leo asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, tuliongeza kazi moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kamba yetu ya kukwelea ina urefu wa mita 60. Tulianzia kwenye mstari wa mwani mkavu, pale yanapofikia maji ya bamvua, tukaivuta kamba kuelekea nchi kavu. Tuliufikia ukuta wake kabla hata nusu ya kamba haijanyooka. Sehemu iliyobaki tuliilaza chini ya ukuta ikiwa imekunjwa, tukaanza kupiga picha.

Ndipo alipotoka. Alikuwa amevaa msuli na kandambili, simu iko sikioni, na mkono wa pili umeshika ule mkasi mkubwa wa kupunguzia michongoma. Hakusalimia, ingawa kati yetu alikuwepo mzee wa umri wa baba yake, na mzee huyo ndiye aliyeanza kumwambia, "Habari za asubuhi, mwanangu." Aliibana simu kwa bega, akainama, akaishika kamba pale ilipogusa ukuta, akaikata kama kiongozi anayekata utepe wa ufunguzi. Kisha akakibeba kile kipande kilichobaki, akakibwaga miguuni pa mzee na kusema, "Haya, chukueni mita zenu."

Chukueni mita zenu!

Wakuu, kamba ya kukwelea si kamba ya kuanikia nguo. Ndani ina kiini cha nyuzi zilizosokotwa ili zinyumbuke kidogo mtu anapoanguka, na nje ina ala inayokilinda kiini hicho. Ikishakatwa katikati huwezi kupiga fundo ukasema imerudi kuwa moja. Kariakoo unaweza kununua chochote kilichoumbwa chini ya jua, lakini kamba hii hatukuipata, kwa hiyo tuliichangia kidogo kidogo, ikasafiri kwa basi kutoka Nairobi ikiwa imeviringishwa ndani ya kanga. Leo nimeishika mkononi nikaona nyuzi nyeupe za kiini zimechomoza nje ya ala ya bluu, na yule bwana bado anazungumza na simu yake! Hakuikata simu. Aliikata kamba.

Hoja ya sheria nitaiacha kwa wanasheria. Ninachojua ni kwamba tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeandikwa waziwazi kuwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na kwamba hatimiliki ni haki ya kuitumia ardhi kwa miaka iliyoandikwa, si ruhusa ya kuifungia bahari. Lakini hata kama angekuwa na hati iliyosainiwa na malaika, angewezaje kumbwagia mzee kamba miguuni na kumwambia, "Chukueni mita zenu"? Mita zipi? Zile alizotukatia, au zile alizozijengea ukuta?

Nani mwingine ametendewa jambo na bwana huyu? Semeni wote, ajulikane.

Mama Mihogo ameandika:

Pole sana, mwanangu. Nimemjua kabla hujafika kwenye aya ya pili. Mimi nilipanga meza yangu ya mihogo ya kukaanga kwenye kona ya kichochoro hicho, nje kabisa ya eneo lake, naye akamwagiza kijana wake aoshe gari hapo hapo, na povu lote likaingia kwenye karai la mafuta. Nilipolalamika aliniambia kwamba moshi wangu unamharibia mandhari ya bahari, utadhani bahari aliichimba yeye.

Kijana wa Temeke ameandika:

Kaka, pole, ila naomba kuuliza jambo moja kwa heshima. Mwamba wenyewe una kimo gani hata uhitaji kamba ya mita 60? Kule Mkuranga mkwezi anapanda mnazi mrefu kuliko mwamba wenu, hana kamba wala kofia ngumu, na anashuka na nazi. Ninyi mnapanda, mnafika juu, mnashuka mikono mitupu huku magoti yamechubuka. Huyo bwana huenda alidhani mmepotea njia, akawa anawasaidia mrudi nyumbani.

Mkwezi wa Rasi ameandika:

Ndugu yangu wa Temeke, mnazi una mwenyewe, na anayeupanda huagana na mwenye shamba. Mwamba ule hauna mwenyewe, ndiyo maana tunaupigania. Kamba ni ndefu kwa sababu hiyo hiyo tunaitumia pia tunapokwenda kwenye miamba ya bara, ambako kuta ni ndefu zaidi. Na hata ingekuwa ya mita moja, kwa nini aikate? Kwa nini amwambie mzee yale maneno? Nimeoga, nimekula, nimejaribu kulala, na kila nikifumba macho namsikia akisema, "Haya, chukueni mita zenu." Ile "haya" ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa maana aliitamka kwa sauti ya mtu anayemaliza mazungumzo na mtoto.

Wakili wa Jioni ameandika:

Ndugu mleta mada, hasira yako ina msingi, lakini vipimo vyako havitasimama mahali popote. Kifungu cha 57 kinahusu shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya ufukwe, na mtu wa kusema mita 60 zinaanzia wapi ni mpima mwenye leseni, si mstari wa mwani ambao upepo wa kusi unaweza kuuhamisha usiku mmoja. Tena umetuambia wewe mwenyewe kwamba kamba yenu hunyumbuka. Andikeni barua kwa serikali ya mtaa, ambatanisheni picha, nakala ipelekwe manispaa na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira. Kuhusu kamba, huo ni uharibifu wa mali na ni shauri tofauti kabisa.

Mkwezi wa Rasi ameandika:

Wakili, nakuheshimu, na barua tutaiandika. Ila kamba hunyumbuka ikibeba mtu anayeanguka, hainyumbuki ikiwa imelala mchangani. Ukuta uko ndani ya nusu ya kamba! Hata tungeuhamisha mstari wa mwani hadi kwenye meza ya Mama Mihogo, bado ungekuwa ndani. Na yeye anajua, ndiyo maana alikuja na mkasi badala ya hati.

Mtembezi wa Milima ameandika:

Naomba niongeze kitu kwa faida ya wote. Wenzetu wanaokwea huko nje walipitia haya haya. Marekani kuna shirika linaloitwa Access Fund, lililoanzishwa mwaka 1991, ambalo kazi yake ni kulinda haki ya watu kuifikia miamba, na mahali pengine huwasaidia wakwezi kuinunua ardhi yenyewe ili ibaki wazi. Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu waliingia kwa makusudi kwenye mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na wenye mashamba ya kuwindia ndege, na watano kati yao walifungwa jela. Sheria iliyowapa wananchi wa England na Wales haki ya kutembea kwenye milima na nyanda kama hizo ilikuja mwaka 2000, yaani miaka 68 baadaye. Kwa hiyo, mkuu, tunza kile kipande cha kamba, kitakuwa ushahidi.

Kijana wa Temeke ameandika:

Miaka 68? Ukuta utakuwa umeshapita Zanzibar, uko njiani kwenda Pemba.

Bibi wa Pwani ameandika:

Wanangu, mimi nina swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Mapango mengi ya matumbawe katika pwani hii ni mizimu, wazee wetu walikuwa wakipeleka ubani na marashi. Je, kabla ya kutandika zulia lenu na kuning'iniza kamba, mliwauliza wenyeji? Sisemi kwamba bwana wa geti jeusi amefanya sawa, hana adabu, lakini neno "wazi kwa kila mtu" nalo lina mipaka yake.

Mtembezi wa Milima ameandika:

Bibi, shikamoo. Umegusa jambo la kweli. Huko Australia, mwamba mkubwa wa Uluru ulifungwa kabisa kwa wapandaji tarehe 26 Oktoba 2019, kwa sababu ni mahali patakatifu kwa wenyeji Waanangu, na wao wenyewe walikuwa wameomba kwa miaka mingi watu waache kuupanda. Kulinda njia na kuheshimu mahali ni kazi mbili zinazokwenda pamoja.

Mkwezi wa Rasi ameandika:

Bibi, shikamoo. Yule mzee aliyebwagiwa kamba ndiye mwenyeji aliyetuonyesha pango tusilolikaribia, na tangu siku hiyo hatujalikaribia. Sasa mnaelewa ni mtu wa aina gani aliyeambiwa "chukueni mita zenu"?

Binti wa Sinza ameandika:

Ninyi angalau mna mwamba. Sisi mtaani kwetu tulikuwa na uwanja wa wazi ambao watoto walichezea mpira. Tukaamka tukakuta mabati ya bluu, baada ya mabati likaja tofali, baada ya tofali likaja duka la vifaa vya ujenzi. Leo mwanangu anacheza mpira kwenye uchochoro wa bajaji. Mkuu, kamba inanunuliwa nyingine, uwanja haununuliwi.

Nahodha wa Kunduchi ameandika:

Dada wa Sinza umesema kweli, na mimi naomba kuongeza la wavuvi, maana sisi hatukwei kwa kujifurahisha. Njia ya kwetu ya kwenda dikoni imebanwa na kuta mbili, na sasa mmoja wa wenye kuta ameweka mnyororo. Tukitoka baharini na samaki inatubidi tuzunguke na madebe kichwani kwenye jua kali, na vibua wakifika barabarani mnunuzi anawatazama macho yao na kuanza kushusha bei.

Mama Mihogo ameandika:

Nahodha, huo mnyororo naufahamu. Mimi huja kununua samaki hapo, na juzi mlinzi aliniambia nilipe ndipo nipite. Nilipe niende kununua vibua! Nilimwuliza kama na vibua wenyewe wamelipa kutoka. Lakini ninyi wavuvi nanyi mna lenu, mnawauzia kwanza madalali wa magari, sisi wa ndoo tunabaki kusubiri mabaki.

Nahodha wa Kunduchi ameandika:

Mama, dalali anakuja na barafu na pesa mkononi, wewe unakuja na ndoo na neno "nitakulipa Ijumaa". Tusikosane kwa hilo. Tatizo ni njia.

Binti wa Sinza ameandika:

Nahodha, ni kile kichochoro cha karibu na msikiti? Kama ni hicho, jana nilipita bila kuulizwa kitu.

Nahodha wa Kunduchi ameandika:

Dada, siyo hicho. Chetu kiko mbele zaidi, baada ya mti wa mkungu, na juzi usiku wamemwaga kifusi hadi gari la barafu limeshindwa kupita. Kesho asubuhi, maji yakianza kupwa, tunakwenda kukiondoa. Majembe tunayo manne tu, na toroli letu halina gurudumu, kwa hiyo anayetaka samaki kwa bei ya dikoni aje na jembe lake.

Mama Mihogo ameandika:

Nitakuja na toroli la jirani. Ila vibua vyangu viwekwe kando kabla dalali hajafika.