Kiingilio cha muziki katika eneo la umma: asiye na tiketi apite wapi?

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Habari zenu ndugu. Msimu wa korosho unakaribia, na sisi wa kusini tunafahamu kwamba fedha za mnada zikishaingia mifukoni, wanamuziki wa Dar es Salaam nao hufunga safari kuja huku. Safari hii inasemekana mtaani kwamba onyesho kubwa litafanyika, si uwanjani, bali katika eneo la wazi la ufukweni ambako jioni watoto hucheza mpira, kina mama huuza samaki na mihogo ya kukaanga, na watu wanaowahi kivuko cha Msangamkuu hukatiza humo. Eneo litazungushiwa mabati, na mlangoni kutakuwa na kiingilio.

Sipingi muziki, wala sipingi mtu kulipwa kwa kazi yake. Ninachouliza ni kama mamlaka inayosimamia eneo la umma inaweza kumpa mwandaaji binafsi haki ya kumzuia mwananchi asiingie mpaka alipe, na kama inaweza, mipaka ya ruhusa hiyo iko wapi. Vijiweni nimepata majibu mawili tu, kwamba eneo ni letu sote na kwamba halmashauri ndiyo mwenye mali, na hakuna hata moja ninaloweza kusimama nalo kwenye mkutano wa mtaa.

Mstaafu wa serikali za mitaa, Lindi

Ndugu yangu, halmashauri ni msimamizi, na usimamizi huo una nguvu ya kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 inaziruhusu mamlaka za miji kutunga sheria ndogo, kwa hiyo kukodisha eneo kwa shughuli ya muda si jambo la ajabu, ilimradi kuwe na sheria ndogo inayolitaja jambo hilo na fedha ziingie kwa stakabadhi halali. Wakati huohuo Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde mali ya mamlaka ya nchi na mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi, na ni vigumu kulinda kitu usichojua kimekodishwa kwa nani na kwa muda gani.

Nakushauri uanze na karatasi. Andika barua uombe nakala ya sheria ndogo inayotumika na masharti ya ukodishaji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kukujibu, kwa hiyo barua itangulie mabati. Jambo jingine linalowachanganya wengi ni vibali: kibali cha sanaa kinachopitia BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na afisa utamaduni kinahusu onyesho lenyewe, hakimpi mtu ardhi. Nimewaona watu wazima wakinyamazishwa kwa kuonyeshwa mhuri usiohusika kabisa na walichouliza.

Fundi wa jukwaa na sauti

Naomba upande wetu nao usikike. Jukwaa, spika na jenereta husafiri kwa lori zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na wabebaji, walinzi na madereva wote hulipwa hata mvua ikinyesha. Pasipo uzio hakuna atakayenunua tiketi, kwa maana sauti inafika mpaka barabara ya pili bila malipo. Uzio huo pia ndio unaotuwezesha kuhesabu watu na kuwazuia wasizidi uwezo wa eneo, na anayeudharau hajawahi kusimama jukwaani akaona umati ukisukumana kuelekea mbele.

Hata hivyo nakiri kwamba kufunga eneo zima ni uvivu wa baadhi ya waandaaji. Kuacha njia ya kupita pembeni kunahitaji mabati machache zaidi na walinzi wawili watatu.

Mwanafunzi wa mipango miji, Mtwara

Shikamoo mzee wa Lindi, na salamu kwako fundi. Swali hili limewasumbua wenye miji mikubwa kuliko yetu, na mahakama zao hazikutoa jibu la aina moja. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kwamba halmashauri ya Haringey, London, ilikuwa na mamlaka chini ya sheria ya mwaka 1972 ya kufunga sehemu ya Finsbury Park kwa ajili ya tamasha la Wireless, ingawa wakazi walitegemea kanuni za zamani zilizoweka ukomo wa eneo linaloweza kufungwa. Mtu angedhani mjadala umekwisha. Mei 2025 wakazi wa jirani na Brockwell Park, kusini mwa London, waliishinda halmashauri ya Lambeth katika Mahakama Kuu kwa hoja ya namna nyingine kabisa: matumizi ya muda yaliruhusiwa bila kibali cha mipango kwa siku 28 tu kwa mwaka, ilhali bustani ingeshikwa kwa siku 37. Matamasha hayakufutwa, lakini tazameni hesabu hiyo ilivyopatikana. Siku za kusimamisha na kubomoa zilihesabiwa pamoja na za muziki.

Kwa maoni yangu hapo ndipo dada au kaka wa Shangani anapaswa kukaza. Usiku mmoja wa muziki hauwanyimi watoto uwanja wao. Unaowanyima ni uzio unaosimama juma zima kabla ya onyesho na kubaki baada yake kwa sababu lori la kurudi halijapatikana.

Halafu kuna njia ya kuuza kiti bila kuuza eneo. Chicago ina tamasha la muziki wa okestra, Grant Park Music Festival, lililoanza mwaka 1935, ambalo sasa hufanyika Millennium Park: mwanachama hulipia kiti cha mbele kilichohifadhiwa, na wengine huketi nyuma au kwenye nyasi bure. Kwa hiyo si kweli kwamba tiketi lazima iambatane na ukuta.

Fundi wa jukwaa na sauti

Muziki wa aina hiyo una wafadhili, mdogo wangu. Singeli haina. Ila nakubaliana nawe kuhusu siku: jukwaa la kawaida sisi hulisimamisha kwa siku mbili na kulibomoa kwa moja. Anayeomba wiki mbili muulizeni anajenga nini.

Mtwara, niliyewahi kuishi Unguja

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, Unguja, limekuwapo tangu mwaka 2004, na jukwaa lake kuu kwa miaka mingi lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, yenye kuta zake tayari. Bustani ya Forodhani iko ng'ambo ya barabara tu. Mwenye tiketi aliingia ngomeni, na asiye nayo alikula urojo wake Forodhani huku akisikia ngoma. Kabla ya kuhangaika na mabati ufukweni, tungeuliza kwanza kwa nini uwanja wa mpira hautumiki.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Ahsanteni sana. Barua nitaipeleka wiki hii, nikiomba sheria ndogo, idadi ya siku za uzio na ramani ya njia itakayobaki wazi. Mzee wangu wa Lindi, je, dhamana ya kurejesha eneo lilivyokuwa inaweza kudaiwa kabla ya onyesho?

Mstaafu wa serikali za mitaa, Lindi

Iandikwe kama sharti la ukodishaji na ilipwe kabla lori halijashusha. Baada ya onyesho utamtafuta mwandaaji Dar es Salaam.