Nina C, nataka CPA; na urari wangu umekataa kulingana

Chipukizi wa Malindi
Hamjambo wenzangu. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nilipata C. Nataka kusomea uhasibu hadi CPA, sifa ya mhasibu wa kitaaluma, nianzie wapi? Pia nina zoezi la hesabu za mashua ya watalii: kwenye urari, yaani orodha ya salio zote ambapo jumla ya debiti inapaswa kulingana na ya krediti, debiti imezidi krediti kwa shilingi 5,400. Nimejumlisha upya, bado.

Bi Leja, Lamu
Mwanangu, kuingia CPA moja kwa moja KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, wanataka C+. Kwa C anza na ATD, diploma ya ufundi wa uhasibu, ambayo hupokea kuanzia C-. Ukiimaliza, mlango wa CPA uko wazi. Usimlipe mtu anayekuahidi njia ya mkato.

Sasa hiyo 5,400. Igawe kwa 2: 2,700. Tafuta kiasi hicho, huenda kimeandikwa debiti badala ya krediti. Hukioni? Igawe kwa 9. Inagawanyika bila baki, basi shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kwa mfano, 9,300 iliyotakiwa kuwa 3,900. Linganisha leja, yaani daftari la akaunti, na risiti zenyewe, usilinganishe na karatasi yako ya mazoezi, maana kosa huwa limeshahamia huko.

Chipukizi wa Malindi
Asante sana, Bi Leja. Ni dizeli! Risiti ni 3,900, leja inasema 9,300. Ila tofauti nilikuwa nimeshaiweka kwenye akaunti ya muda ili urari ulingane. Nifute tu?

Bi Leja, Lamu
Usifute, mwanangu. Andika jonali, yaani ingizo la marekebisho: debiti akaunti ya muda 5,400, krediti dizeli 5,400, na maelezo mafupi chini yake. Akaunti ya muda itabaki sifuri. Mkaguzi akija anataka kuona kosa na marekebisho yake.

Karani wa Shela
Naongeza jambo, mdogo wangu: urari kulingana si ushahidi kwamba hesabu ni sahihi. Mtu akinunua injini mpya ya mashua akaiandika kwenye matengenezo, urari unalingana vizuri kabisa, lakini faida ya mwaka imeshuka bure na mali ya kudumu imepungua. Muamala ulioachwa kabisa nao hauonekani. Makosa haya ndiyo ya kuogopwa zaidi kazini.

Jingine ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Bei ikiwa tayari na VAT ya 16% ndani yake, tuseme 11,600, kodi ni 11,600 × 16 ÷ 116, yaani 1,600. Wengi huchukua 16% ya 11,600 wakapata 1,856, kisha wanashangaa.

Na ukilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kwanza ingiza daftarini ada za benki na pesa zilizopokelewa huko moja kwa moja. Ndipo, kwenye salio la benki, utoe hundi ambazo hazijawasilishwa na uongeze amana ambazo benki haijaziingiza. Ukigeuza mpangilio huo, utazunguka siku nzima.