Naomba ushauri: misemo ya Kifaransa ndani ya Kiingereza

Wakuu, naombeni msaada. Kazini naandika na kuongea Kiingereza kila siku, na misemo ya Kifaransa inanitatiza, hasa kuitamka. Maneno yaliyoingia baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066 yameshazoeleka, hayo sina shida nayo. Tatizo ni misemo iliyobaki na sura yake: déjà vu (hisia kwamba jambo limeshawahi kukutokea), faux pas (kosa la adabu mbele za watu), coup d'état (mapinduzi ya serikali). Herufi nyingi za mwisho hazitamkwi, sawa. Lakini coup de grâce (pigo la mwisho la kummaliza mtu) ina sauti ya s mwishoni, na bado wazungumzaji wengi wa Kiingereza huimeza! Nifuate Kifaransa chenyewe au mazoea yao? Na kwenye barua rasmi, zile alama za juu ya herufi niziweke au niziache? Walimu wa lugha, nielekezeni tafadhali.