Majitaka ya shule yapimwe au yaachwe?

Ndugu zangu, hoja yenyewe ni hii: shule ziwe zinapima majitaka yake ili zijue mapema ugonjwa wa kuambukiza ukiingia. Wanaopinga wanasema huko ni kuwachungulia watoto chooni. Mimi naunga mkono, ila kwa sharti.

Kinachofanyika ni hiki. Shashi, yaani kitambaa chepesi kama kile cha kufungia vidonda, inafungwa kamba, inatumbukizwa kwenye chemba inayopitisha majitaka ya jengo zima, inaachwa siku moja au zaidi, kisha inakamuliwa maabara na kutafutwa vinasaba vya virusi. Anayeonekana ni jengo, mtoto haonekani. Shashi hiyo si ngeni, ilitumika Uingereza tangu miaka ya 1940 kuwasaka waliobeba vijidudu vya paratifoidi, ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo, bila wao kuugua.

Agosti 2020, Chuo Kikuu cha Arizona kule Marekani kilikuta virusi vya korona kwenye majitaka ya bweni moja. Watu 311 wakapimwa, wawili wakakutwa navyo, na wote wawili hawakuwa na dalili yoyote. Nikisoma habari hiyo nakumbuka darasa la mwanangu lilipokumbwa na kuhara. Tulishtuka asubuhi ambayo nusu ya madawati yalikuwa matupu, na mtoto wa mwisho nyumbani alikuwa ameshaambukizwa. Siku tatu za kujua mapema zingetutosha kabisa.

Lakini tusidanganyane. Watoto wengi hubana haja kubwa mpaka wafike nyumbani, kwa hiyo majibu safi hayathibitishi kwamba shule ni salama. Aliyepona naye huendelea kutoa mabaki ya virusi kwa muda, na kipimo hakimtofautishi na mgonjwa wa leo. Shule yenye vyoo vya shimo haina hata bomba la kutumbukizia hiyo shashi.

Sharti langu sasa. Maji hayohayo yanaweza kupimwa dawa za kulevya, na hapo hofu ya wazazi ina msingi. Basi iandikwe kabla ya sampuli ya kwanza: vinatafutwa vijidudu gani tu, majibu anapewa nani, na yakionyesha ugonjwa shule inafanya nini siku hiyohiyo. Pasipo mpango huo, nami nitasimama na wanaopinga.

Wazazi na walimu mnaokataa, mkiwekewa hayo kwa maandishi, bado mtakataa? Kwa sababu ipi?