Wakuu, krediti 6 zinaninyima usingizi huku Ujerumani

Mla Dagaa: Habarini wakuu. Nipo Ujerumani kwa Erasmus, ule mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, mwaka mmoja, kisha narudi kumalizia digrii ya uchumi nyumbani. Muhula huu natakiwa krediti 30, ninazo 24. Zilizobaki nazipata kwenye ekonometria, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ila wameweka sharti: Takwimu 1 na 2. Nichukue au niache?

Bi Kikoi: Mdogo wangu, baridi vipi huko? Aprili bado mnavaa makoti? Mwanangu anakuja Oktoba.

Tingatinga: Kwani Takwimu hukusoma?

Mla Dagaa: Nilisoma mkuu.

Tingatinga: Ukafaulu?

Mla Dagaa: Ya kwanza ndiyo. Ya pili nina sapu, mtihani wa marudio, nitaifanya Septemba nikirudi. Ila msinishambulie. Profesa nilimwandikia kwamba nimesoma Takwimu 1 na 2, na kusoma nimesoma kweli. Sikuandika nimefaulu. Halafu jina langu limeshaingia kwenye orodha.

Mzee wa Wuhan: Watoto wa siku hizi mna raha. Sisi China 2012, mwaka mzima Kichina tu kabla ya kugusa somo lolote. HSK 4, mtihani wao wa Kichina, ilinitupa mara mbili, nikawa naota zile alama zao. Mpaka leo nikiona neno "sharti" tumbo linauma.

Mama Imani: Uongo wa kupaka rangi ni uongo tu. Umepewa nafasi ambayo wenzako wanaililia, unaanza ujanja ujanja.

Mla Dagaa: Mama, mimi si mvivu. Kozi ya Kijerumani muhula uliopita nimepata 1,3!

Chenga Mbaya: Hahaha anajisifia 1.3! Wakuu hii ni chai, tena haina hata tangawizi. GPA hiyo unadisko, unafukuzwa chuo, hupelekwi Ulaya.

Tingatinga: Chenga, kule 1,0 ndiyo juu kabisa, 5,0 umefeli. Kijana kafanya vizuri. Mla Dagaa, mkataba wako wa masomo unabadilishika mwanzoni mwa muhula, kawaida ndani ya wiki tano. Tafuta somo lingine la krediti 6 lisilo na sharti, na chuo chako cha nyumbani kiliidhinishe kwa maandishi KABLA hujaanza, la sivyo unarudi na krediti zisizohesabiwa. Na krediti 6 ni saa 150 mpaka 180 za kazi. Bila kuijua regresheni, ile hesabu ya kupima kitu kimoja kinavyohusiana na kingine, zote utazilia hapo.

Mla Dagaa: Masomo mengine yaliyobaki yanafundishwa kwa Kijerumani, mkuu. Na kitabu nimeshanunua.

Chenga Mbaya: Bado chai. Mwenye sapu alichaguliwaje?

Mla Dagaa: Niliomba kabla matokeo hayajatoka.

Chenga Mbaya: Haya, na profesa akitaka transkripti?

Mla Dagaa: Ameitaka jana.

Mzee wa Wuhan: Duh.

Bi Kikoi: Pole mdogo wangu. Ila la makoti hamjanijibu.