Kokkinisto: nyama haiivi, mchuzi mchachu. Tatizo ni nini?

Binti_Kisasa
Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada kwenye kokkinisto, ile nyama ya ng'ombe ya Wagiriki inayopikwa taratibu kwenye nyanya na mdalasini. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema saa moja na nusu. Kwa nyama ya bucha za hapa Dodoma, muda huo ukiisha bado inavutana na meno, na mchuzi ni mwepesi, mchachu. Natumia steki kilo 1, nyanya 6 na mvinyo mwekundu wa hapa hapa. Nibadilishe nini?

Mpishi_AreaD
Dada, anzia buchani. Steki tupu haina utando, ukiipika muda mrefu inakauka na kuwa nyuzinyuzi. Omba bega, kidari au nyama ya muundi. Ule utando mweupe unayeyuka kuwa ute, na ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito. Kata vipande vya sentimita 4 hadi 5.

Halafu nyama iliyochinjwa alfajiri inakuwa imekakamaa, ilaze kwenye friji mpaka kesho yake. Muda weka saa 2 na nusu hadi 3, maana ng'ombe wetu wanatembea sana malishoni. Tena Dodoma tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo saa za mpishi wa Athens usizifuate.

jiko_la_mkaa
Hapo kwenye nyama kamaliza. Uchachu unatokana na haraka.

Futa nyama ikauke, kaanga kwa mafungu. Ukimwaga kilo nzima kwa mpigo inatoa maji, inachemka badala ya kukaangika, na ile ladha ya kuungua kidogo hupati. Alizeti ya Singida inatosha kukaangia. Mafuta ya zeituni kama ni ya kubania, mimina vijiko 2 mwishoni.

Toa nyama. Kwenye mafuta yale yale weka vitunguu 2 vilivyokatwakatwa, dakika 8, kisha kitunguu saumu punje 3, kisha nyanya ya kopo vijiko vikubwa 2. Hii ikaange dakika 2 nzima mpaka rangi ikolee kama tofali. Watu wengi wanairuka hatua hii. Rudisha nyama, mimina mvinyo mililita 150, uache upungue nusu KABLA ya nyanya mbichi. Soma chupa kwanza: mvinyo mtamu unageuza mchuzi kuwa jamu, tafuta mkavu.

Nyanya zikate nusu uzikwaruze kwenye kikwaruzo cha karoti, ganda linabaki mkononi. Kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 3 (zikizidi utasikia dawa ya meno). Maji ya moto yafike robo tatu ya kimo cha nyama. Funika, punguza mkaa, povu lipande moja moja. Nusu saa ya mwisho funua. Mafuta yakijitenga juu, epua.

Binti_Kisasa
Asanteni sana. Je, presha kuka? Na kuna mgeni asiyetumia pombe.

Mpishi_AreaD
Presha dakika 40, lakini lazima ufunue uchemshe tena dakika 15 hadi 20, la sivyo mchuzi unabaki maji. Badala ya mvinyo tumia supu ya mifupa na siki ya zabibu kijiko kikubwa kimoja.

Vitunguu_Singida
Ukizidisha siki na kuweka vitunguu vidogo vizima, hapo umeshahamia stifado, mchuzi mwingine wa nyama wa Wagiriki. Nayo ni tamu: uzito wa vitunguu ukaribie wa nyama, vikaange pembeni, viingie dakika 45 za mwisho ili visivurugike.

Kokkinisto wenyewe wanakula na tambi nene, wali au chipsi, na jibini kavu yenye chumvi iliyokwaruzwa juu. Kwa ugali pia inakwenda, ila mchuzi uuache mzito zaidi, na mdalasini utoe kabla ya kupakua.